Saa Nne, Si Saa Nane

Kasuku aliwahi kuongea akiwa na homa kali, aliwahi kuongea akiwa anazama, na mama yake huapa kwamba huongea hata usingizini. Ndiyo maana wakambandika jina hilo na likamganda. Lakini asubuhi hii ninayokusimulia, ndani ya pango, mbele ya wageni tisa waliomkodolea macho, alifungua mdomo na neno likagoma kutoka.

Aliyemziba mdomo ni mzee mmoja mwembamba, mwenye miwani, aliyesema maneno manne tu.

"Mwanamume huyo ni mimi."

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana ukianzia hapo utadhani mzee alikuwa na wazimu.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kutembeza wageni kisiwani. Aliwapitisha kwenye mikoko juu ya njia ya mbao, akawapeleka kwenye maporomoko wakaoge, akawavusha hadi fungu la mchanga linaloibuka baharini maji yakitoka, na mwisho, bahari ikiruhusu, akawaingiza Ufuo wa Pango. Huo ndio wenyewe. Mchanga wake mlaini kama unga, na kule mwisho kuna pango lenye chemchemi ya maji baridi, matamu, hatua chache tu kutoka kwenye maji ya chumvi. Ila kuufikia ni lazima upite upenyo kati ya majabali mawili, wenyeji wanauita Mlango, na Mlango haufunguki mpaka maji yatoke. Unakaa wazi kwa muda wa saa nne hivi, kisha unafungwa. Pembeni pake kuna mstari mweupe wa rangi uliopigwa juu ya jiwe, usawa wa goti. Maji yakiugusa mstari ule, hata kama uko katikati ya maneno, unakusanya watu wako mnatoka. Kasuku mwenyewe aliupaka rangi upya kila mwaka, kwa amri ya mama yake, wala hakuwahi kuuliza nani aliuchora mara ya kwanza.

Mpenzi wake, Seremala, alimpata kwenye mikoko. Seremala ndiye aliyejenga ile njia ya mbao. Siku ya kwanza kuonana, Kasuku alikanyaga ubao ambao haujapigiliwa misumari, akazama matopeni mpaka kiunoni, huku anaendelea kuwaeleza wageni habari za kaa. Seremala akaja mbio, akapiga magoti, akamshika mkono.

"Dada, nyamaza kwanza nikuvute," alimwambia.

Miezi minane ilikuwa imepita na bado hajafaulu kumnyamazisha, wala hakutaka tena. Alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake ikinuka mbao mbichi, na akimtazama Kasuku alimtazama taratibu, bila haraka, mpaka binti wa watu akasahau alikuwa anasema nini. Leo alikuwa amemleta baba yake kutoka ng'ambo aje kujitambulisha. Mzee alikuwa fundi saa. Mara mbili aliikataa safari hiyo bila kutoa sababu, na mara ya tatu akavaa shati lake la mikono mirefu akasema haya, twende. Mama yake Kasuku alikuwa anawangojea kwa chakula cha mchana.

"Baba akusikie kwanza ukiwa kazini," Seremala alimnong'oneza Kasuku waliposhuka gatini. "Hasa ile hadithi ya pangoni. Akikusikia pale, amekwisha. Hatakuwa na la kupinga."

"Na asipocheka?"

"Nani asiyecheka hadithi ile?"

Kweli, kila mtu aliicheka. Basi Kasuku akasimama kwenye jiwe lake la kila siku, mgongo kwenye chemchemi, akaanza kwa mbwembwe zote alizonazo.

"Mabibi na mabwana, hapa mlipo palikuwa na msichana aliyependa mpaka akapitiliza. Kampenda kijana mgeni kutoka ng'ambo, mtanashati, maneno matamu kuliko maji haya. Baba wa msichana hataki hata kumsikia. Wakapanga watoroke! Wakutane hapa pangoni maji yakitoka, kisha jioni wapande meli. Msichana akaja na kifurushi chake, akakaa pale, pale alipokaa yule kaka mwenye kofia. Akangoja. Maji yakaanza kurudi. Akangoja. Maji yakafika magotini. Mnajua yule hodari wa mapenzi alikuwa wapi?"

"Wapi?" wageni wakauliza.

"Ufuoni! Kafika mpaka Mlangoni, kaona maji, kavua viatu, kavitazama, kavivaa tena, karudi zake! Aliogopa kulowesha suruali!"

Pango likajaa vicheko. Yule kaka mwenye kofia alijipiga paja. Kasuku alimtafuta Seremala kwa macho, akamwona anatabasamu kwa fahari, kisha akaangalia pembeni yake, akamwona mzee. Mzee hakuwa anacheka. Alikuwa amevua miwani, amesimama wima, uso umemkauka.

Hapo ndipo alipoyasema yale maneno manne.

Wageni wawili walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Makofi yakafa yenyewe.

"Baba," Seremala akasema, "unasemaje?"

Mzee alimkazia macho Kasuku. "Hadithi hiyo umeipata wapi, binti?"

"Kwa... kwa mama yangu, baba. Yeye ndiye aliyeanza kuleta wageni huku, kabla magoti hayajaanza kumsumbua."

"Mama yako ndiye anayeandika ubao wa saa za maji kutoka na kujaa kule gatini?"

"Ndiyo, baba. Mama Ubao. Kisiwa kizima kinamjua. Miaka thelathini na mbili hajakosea hata siku moja."

"Hajakosea hata siku moja," mzee akarudia polepole. "Ndicho ninachosema mimi siku zote. Chaki hakosei."

"Chaki ni nani?"

"Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki kila nilipomwona. Mimi nilimwita hivyo. Hakuna mwingine."

Mzee akainama, akakunja suruali mguu wa kushoto. Kovu refu lilianzia chini ya goti likashuka mpaka karibu na kifundo.

"Suruali yangu hii hapa," akasema. "Tazameni vizuri, nyote mliocheka. Nililetwa hapa miaka thelathini iliyopita kutengeneza saa ya bandari, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Aliniambia, soma ubao wangu, saa nitakayoandika ndiyo saa ya kukutana. Ubao ukasema saa nane mchana. Nikaja saa nane. Maji yamejaa Mlangoni mpaka juu! Nikasema labda kapita kwa njia nyingine, labda yuko ndani peke yake. Nikaogelea. Mwamba ukanichana hivi. Nikaingia humu, hakuna mtu. Nikakaa na mguu wangu unavuja damu mpaka giza, mpaka maji yakanifungulia. Meli ilishaondoka."

Yule kaka mwenye kofia aliinuka taratibu kutoka pale alipokaa.

"Aliniandikia saa ya uongo," mzee akamalizia. "Mtu anayeandika saa za maji kila siku ya Mungu hakosei. Alitaka nifike, nijione mjinga, nirudi kwetu. Nikarudi. Na kumbe kila wiki ananicheka mbele za watu."

"Baba, siyo hivyo," Kasuku alijaribu. "Mimi sikujua..."

"Najua hukujua, binti. Wewe sina ugomvi nawe." Akamgeukia mwanawe. "Lakini ndoa hii haipo. Sitakaa meza moja na yule mwanamke. Ukimwoa binti yake, utamwoa bila mimi."

"Baba!"

"Nimesema."

Akaenda akakaa juu ya jiwe lile lile, akaweka mikono magotini. "Na sitoki humu. Nendeni mkamwambie aje. Nilimngoja mara ya kwanza hakuja, nitamngoja na ya pili. Anitazame usoni, aseme kwa nini."

Kasuku alitazama nje. Maji yalikuwa yamemaliza kutoka, na mbali kidogo yalianza kurudi. Akapiga hesabu yake ya kazi: saa moja na robo, pengine pungufu, kabla ya mstari. Simu huko hazishiki. Ni yeye mwenyewe kwenda.

Seremala alimfuata mpaka mdomoni mwa pango. Uso wake ulikuwa umepauka. Kasuku hakuwahi kumwona hivyo.

"Sema kitu," Kasuku akamwambia, machozi yanamlengalenga. "Umesimama tu! Baba yako kavunja ndoa yetu na wewe umesimama!"

"Nitasema nini? Nimemjua mzee huyu maisha yangu yote, na lile kovu alituambia alianguka na baiskeli."

"Kwa hiyo ndiyo basi? Mimi na wewe tumekwisha?"

"Nani kasema tumekwisha?" Akamshika mikono yote miwili, akaibana. "Siwezi kumwacha peke yake humu, mpenzi. Hawezi kutoka akiwa hivi, na maji yanakuja. Nitakaa naye. Mlete mama."

"Na maji yakifunga kabla sijarudi?"

"Basi nitakuwa humu mpaka yafungue, nakungoja. Ila usiniache ningoje, Kasuku. Nimeona leo mtu akingoja anakuwaje."

Kasuku alitaka kumkumbatia, akaogopa kwamba akimkumbatia hataondoka. Akawakusanya wageni wake, akawahesabu tisa, akawapitisha Mlangoni. Nje akamkuta Dereva kalala kwenye kiti cha gari, kofia usoni, akamgonga bega akamwambia aendeshe na asiulize.

Njiani ndipo Kasuku alipoanza kuhesabu miaka. Mzee alikuwa kisiwani miaka thelathini iliyopita. Yeye ana ishirini na sita. Akahesabu tena. Je, kama mzee alirudi kimya kimya? Je, kama mama...? Alifunga macho akauona uso wa Seremala, akaanza kuutafutia ufanano na wake, pua, kidevu, masikio.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama gati. Ndani kulikuwa na meza, birika la umeme, maboya ya kuvaa yaliyotundikwa ukutani kwa mistari, na kijitabu cha saa za maji kilichofungwa kwa uzi kwenye msumari kisije kikapotea. Nje, ukutani, ndipo ubao ulipokuwa. Mama Ubao alikuwa kwenye simu, kavaa gauni lake la kushona alilolihifadhi kwa ajili ya siku hii.

"Hapana bwana, maporomoko mnaweza kwenda hata mvua ikinyesha, ila mikoko ni asubuhi... Ndiyo... Na fungu la mchanga kesho linaibuka saa tano kasoro, nimeshaandika... Mimi? Sijakosea hata siku moja, ulizia!" Akacheka, akaweka simu chini. Akamwona mwanawe. "Yuko wapi mkwe? Mbona uko hivyo? Nani kafa?"

"Mama, mimi na Seremala ni ndugu?"

"Nini?"

"Nijibu!"

"Wewe mtoto umepigwa na jua! Ndugu kwa nani?"

"Kwa Fundi Saa. Kijana wa pangoni. Yule wa suruali. Ndiye baba yake Seremala, mama. Yuko pangoni sasa hivi, na mguu wake una kovu mpaka hapa, na anakuita Chaki."

Mama Ubao alikaa. Kiti hakikuwepo pale alipokaa, akaangukia maboya, na wala hakuonekana kutambua. Alikaa juu ya maboya, miguu imenyooka mbele kama mtoto, mkono umemziba mdomo.

"Aliingia," mama akasema mwishowe. "Aliingia ndani? Maji yakiwa yamejaa?"

"Aliogelea. Nijibu swali langu!"

"Toa ujinga wako hapa. Yule aliondoka akiwa hajawahi hata kunishika bega, na wewe ulikuja miaka minne baadaye. Na hiyo pua ni ya marehemu baba yako mtupu, hakuna mwingine duniani aliyepewa pua kama hiyo."

Kasuku akashusha pumzi mpaka akaona kizunguzungu. Halafu ndipo hasira ikampanda.

"Basi kwa nini ulimwandikia saa ya uongo?"

"Sikumwandikia uongo."

"Ubao ulisema saa nane! Na maji yalitoka lini siku ile?"

Mama aliinua macho akakitazama kile kijitabu kwenye uzi wake.

"Mama. Maji yalitoka lini?"

"Tupa viatu hivi, nipe ndala," mama akasema, akajiinua kwa kushika meza. "Dereva yupo?"

Walifika Mlangoni maji yanalamba chini ya mstari, upana wa vidole vitatu. Mama Ubao, asiyefika huko miaka saba kwa ajili ya magoti, hakungoja kushikwa mkono. Alikusanya gauni lake jipya mpaka mapajani, akaingia.

Seremala alikuwa amesimama mdomoni mwa pango, macho yote Mlangoni. Alipomwona Kasuku alifumba macho na mabega yakamshuka. Ndani, mzee alikuwa juu ya lile jiwe. Hakuinuka.

"Chaki," alisema.

"Fundi."

Kasuku, aliyezoea kuziba kila kimya, alijiuma ulimi.

"Nilikuwa hapa," Mama Ubao akaanza, sauti yake ndogo. "Nilikuwa hapa saa nne asubuhi. Nilikaa hapo ulipokaa. Nilingoja mpaka maji yakanifika kiunoni."

"Ubao ulisema saa nane."

"Najua ulisema saa nane."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu. Sikiliza kwanza, tafadhali. Wenyeji hatusomi ubao, tunasoma bahari yenyewe. Nilitoka nyumbani asubuhi ile nikaona maji yanakimbia kutoka, nikaja moja kwa moja. Sikupita hata ofisini kuutazama ubao, niliuandika jana yake. Ubao ule ni wa wageni. Na mgeni aliyeusoma siku ile ulikuwa wewe peke yako."

"Hujaniambia kwa nini saa nane."

"Kurasa mbili za kijitabu ziligandana kwa unyevu. Nilidhani nimefungua mwezi ule, kumbe nimefungua mwingine. Tarehe ile ile, mwezi mwingine. Sikuwa makini, Fundi. Nilikuwa nawaza kifurushi changu na meli na wewe. Nikanakili mstari usio wake bila kuutazama mara mbili."

Mzee aliivaa miwani yake, akaivua tena. "Ukurasa," akasema. "Miaka thelathini, kwa ajili ya ukurasa."

"Nisamehe."

"Ulijua lini?"

Kasuku alimtazama mama yake, na aliona kabisa kwamba ulikuwepo uongo tayari mdomoni, uongo rahisi, mwezi mmoja baadaye, mwaka mmoja baadaye, nani atajua? Alimwona anaumeza.

"Kesho yake asubuhi. Jana yake sikuwa nimerudi ofisini, kwa hiyo nilikuwa naandika saa za siku hiyo, ukurasa ukabanduka, nikaona. Meli iliyokurudisha kwenu ilikuwa bado gatini."

"Mama!" Kasuku alishindwa kujizuia.

"Ilikuwa bado gatini," mama akarudia, machozi yanamtiririka sasa bila kuyafuta. "Kulikuwa na nusu saa. Ningekimbia ningekukuta. Lakini baba yangu alikuwa amesimama pale mlangoni mwa ofisi, na mkubwa wa bandari alikuwa ameniambia, wewe ni mwanamke wa kwanza kupewa chaki hii, ukikosea hata siku moja unarudi jikoni. Nikaogopa. Niliukabili ubao nikafuta."

"Nilikuona," mzee alisema.

"Nini?"

"Nilikuwa juu melini, nimeshika ukingo. Nilikuona umenipa mgongo unafuta ubao. Nikasema, basi, ndivyo alivyonifuta na mimi."

Mama Ubao alitoa sauti ambayo Kasuku hakuwahi kuisikia, akakaa mchangani na gauni lake. Bahari ilisikika ikipumua Mlangoni.

"Wiki ile ile nilikuja na kopo la rangi," alisema, akielekeza mkono nje. "Nikachora ule mstari. Nikasema asije mtu mwingine akaingia hapa wakati usio wake kwa ajili yangu. Na hadithi... hadithi niliitunga watu walipoanza kuniuliza nililia nini. Niliona bora wakucheke wewe uliye mbali kuliko wanicheke mimi niliye karibu. Hiyo ndiyo kweli yote, sina nyingine."

Kasuku alikumbuka kila mwaka, yeye na brashi yake, anapiga rangi juu ya jiwe huku anaimba. Kila mwaka alikuwa anapaka kosa la mama yake, bila kujua. Mkono wa Seremala ukaja ukaukuta wake, ukaubana.

"Maji," Seremala akasema kwa upole. "Wazee wangu, maji yameshapita mstari."

Mzee aliinuka. Alisimama mbele ya Mama Ubao kwa muda, na hapo Kasuku alijua kwamba maisha yake yote yalikuwa yamesimama pamoja na mzee huyo, yakingoja aelekee wapi.

"Umeniomba radhi pangoni," alisema. "Nimesikia. Lakini kosa hukulifanyia pangoni. Uliliandika ubaoni, mbele ya gati nzima. Lisahihishe ubaoni. Ukiweza, nitakaa mezani kwako. Ukishindwa, nitapanda meli ya saa nane na mwanangu achague mwenyewe."

"Fundi, pale watu wote..."

"Najua watu wote."

Walitoka maji yakiwa mapajani. Mzee alimshika Mama Ubao kiwiko pale kwenye jiwe lenye utelezi, akamwachia mara walipofika upande wa pili. Garini Dereva aliwatazama kwenye kioo njia nzima.

Gatini palikuwa pamejaa. Meli ya mchana ilikuwa inafunga kamba, wapagazi wanapigiana kelele, wageni wanaburuta mizigo, na wale tisa wa asubuhi walikuwa wamekaa kivulini wakiwasimulia wengine. Mama Ubao alishuka na gauni lake limemgandia miguuni, mchanga mpaka kiunoni. Watu wakageuka. Mkata tiketi akatoka dirishani. "Mama Ubao, kulikoni? Umeanguka?"

Mama Ubao aliuendea ubao. Saa za siku hiyo zilikuwapo kwa mwandiko wake mzuri. Alichukua chaki, akasimama. Mkono ulipanda, ukashuka. Kasuku alitaka kwenda kumshika, Seremala akamzuia.

"Mwache," alimnong'oneza. "Ni wake."

Chaki ikaanza kulia juu ya ubao. Aliandika tarehe, na mwaka ule wa miaka thelathini nyuma, na watu wakaanza kusogea karibu na kunong'ona, Mama Ubao leo kachanganyikiwa, kaandika mwaka gani huu? Akaandika chini yake:

Maji yalitoka saa nne, si saa nane. Nilikosea mimi. Aliyekuja saa nane hakuogopa maji.

Mpagazi mmoja alisoma kwa sauti mpaka mwisho, akageuka kumtafuta wa kumweleza maana yake, akawaona wale wageni tisa wote wanamtazama mzee mmoja mwembamba mwenye miwani. Yule kaka mwenye kofia aliivua kofia yake.

Fundi Saa alisogea mpaka mbele ya ubao. Alisoma mara ya kwanza. Akafuta miwani kwa pindo la shati lililolowa, akasoma tena, taratibu, kidole kikifuata maneno hewani. Nyuma yake meli ilipiga honi ya kwanza.

"Mwanangu," akaita bila kugeuka.

"Baba."

"Mizigo yangu iko wapi?"

Seremala aliukaza mkono wa Kasuku. "Iko ofisini, baba. Nikuletee?"

"Iache huko huko." Ndipo akamgeukia Mama Ubao, aliyekuwa bado ameishika chaki, vidole vyake vyote vyeupe. Alivitazama vile vidole.

"Haya, Chaki," alisema. "Nimefika."